Taa ya Oili Iliyozimwa ndani ya Nusu Saa

Kisa hiki nilipewa na mtu aliyekuwepo. Ukishakisoma, mtumie yeyote unayemjua anayebeba watu kwenye gari.

Zahanati moja ya milimani ilikuwa na magari mawili ya aina moja, moja la kazi na jingine la akiba. Yote yalipatwa na tatizo lilelile: taa ya oili iliwaka kwenye dashibodi hata pale oili ilipokuwa imejaa. Fundi wa mjini aliyakagua akasema injini ni nzima. Kilichokufa ni sensa, kifaa kidogo kinachofungwa chini ya injini ili oili ikipungua kiwashe taa.

Wakati huohuo zahanati ilikuwa inatafuta dereva. Waombaji walibaki wawili. Wa kwanza aliitwa Ambokile, kijana mchangamfu, mtoto wa kaka yake Bi Atuganile, nesi aliyeisimamia zahanati hiyo. Wa pili aliitwa Gwamaka, aliyekuwa dereva wa lori la chai hadi kiwanda kilipofungwa. Alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kazi.

Ijumaa jioni Bi Atuganile alimpa kila mmoja gari na sensa mpya ndani ya boksi.

"Nendeni mkabadilishe wenyewe nyumbani. Kesho saa sita mchana mniletee magari. Sitaki kuiona hiyo taa inawaka. Na sensa za zamani mje nazo nizione."

Hilo la mwisho ni kawaida yetu. Ukimpa fundi spea mpya, unadai ile ya zamani mkononi, ili uhakikishe kweli ameibadilisha.

Jumamosi asubuhi Gwamaka alizuia magurudumu kwa mawe, akainua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo. Alichomoa waya wa betri, akamwaga oili yote kwenye beseni, akaingia chini. Bolti za sensa zilikuwa zimeshika kutu. Mkewe alisimama mlangoni akiitazama miguu yake iliyotokeza.

"Baba Lugano, mwenzio keshamaliza. Nimemwona anaosha gari tangu saa tatu."

"Mwache aoshe."

"Na hilo beseni ni la kufulia."

"Nitalisugua."

"Utalisugua ukiwa na kazi au ukiwa huna?"

Gwamaka aliendelea kuhangaika na bolti. Alifika zahanati saa tisa alasiri, amechelewa kwa saa tatu, shati limelowa oili.

Ambokile alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, amevaa shati jeupe.

"Mzee, nilidhani hiyo sensa umeenda kuichimba mgodini," alisema. Watu wakacheka.

Bi Atuganile aliingia kwenye gari la Ambokile, akafungua swichi. Taa zote za dashibodi ziliwaka kidogo, kisha ya oili ikazimika. Gari la Gwamaka likafanya vivyo hivyo. Kila mmoja akamkabidhi sensa aliyosema ni ya zamani, nyeusi kwa oili. Tofauti pekee iliyoonekana ilikuwa ya saa.

"Kuna jambo, Nesi," alisema Gwamaka. "Nilivunja kibanio cha plagi ya waya wa sensa nilipokuwa naichomoa. Nimekifunga kwa waya. Hakiachii, lakini nimeona nikwambie."

"Shangazi, umesikia mwenyewe," alisema Ambokile. "Mimi nilitumia nusu saa."

Waliokuwepo waliona kazi imeshapata mwenyewe. Mmoja alimpa Ambokile mkono.

Bi Atuganile aliagiza ndoo mbili.

"Gwamaka, legeza bolti ya kumwagia oili kwenye magari yote mawili. Ikitoka nusu, funga."

Ambokile aliinuka. "Shangazi, utaua injini!"

"Siwashi injini. Nafungua swichi tu."

Alianza na gari la Gwamaka. Taa ya oili iliwaka na haikuzimika. Akahamia la Ambokile. Taa iliwaka kidogo pamoja na nyingine, kisha ikazimika kama mwanzo. Alirudia mara tatu. Nusu ya oili ilikuwa kwenye ndoo, na dashibodi haikusema chochote.

"Basi sensa uliyonipa ilikuwa mbovu," alisema Ambokile. "Spea za siku hizi, Shangazi, unazijua."

Bi Atuganile aliichukua sensa ya zamani aliyokabidhiwa na Ambokile, akaingia nayo chumba cha sindano. Aliifuta kwa pamba na spiriti, kama anavyosafisha kidonda. Weusi wote ukatoka. Chuma kilikuwa kinang'aa, hakina hata mkwaruzo, na mpira wake wa kuziba ulikuwa haujawahi kubanwa. Ilikuwa sensa mpya aliyompa jana.

Ambokile hakuwa amebadilisha kitu. Alizikata waya za sensa, akaziunganisha kwa tepu hadi taa ikazimika, kisha akaichovya sensa mpya kwenye oili chafu ili ifanane na ya zamani.

"Ulisema hutaki kuiona taa inawaka," alisema kwa sauti ndogo. "Si haiwaki?"

"Gari tulilokuwa nalo kabla ya haya nalo halikuwa likiwasha taa," alisema Bi Atuganile. "Injini yake ilikufa kwenye kona za mlimani, ndani mna mama mwenye uchungu. Nilikuwa naye. Tulisubiri msaada kwa saa nne. Mama tulimwokoa. Mtoto tulimkosa. Fundi alipofungua chini ya injini, alikuta waya zimefungwa kwa tepu."

Ambokile aliweka ufunguo kwenye benchi, akaondoka kwa miguu.

Bi Atuganile aliuchukua, akampa Gwamaka.

"Rudisha oili kwenye magari yote. Halafu hili la pili nenda nalo nyumbani ukalianze upya. Sensa yake hii hapa."

"Saa ngapi nilirudishe, Nesi?"

"Ukimaliza."

Siku ya nne ya kazi yake mpya, Gwamaka alishuka mlima akiwa na mama mjamzito, na Bi Atuganile ameketi kando yake. Njia nzima nesi huyo aliitazama dashibodi. Taa ya oili haikuwaka, na safari hii aliiamini.

Funzo: Kuzima onyo si kuondoa hatari. Kazi iliyojificha mahali ambapo hakuna atakayechungulia, ifanye ukijua kwamba kuna mtu atakabidhi maisha yake kwa kazi hiyo.