Bi Kalunde na Ua la Mtemi

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Hapo kale, bibi zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Kilitawaliwa na Mtemi Igulwa, mtu wa joho refu na akili fupi. Siku moja alirudi safarini na ua la zambarau linaloelea. Akalitupa ziwani, chubwi!

"Pambo la ziwa langu," akasema.

Bi Kalunde, mzee aliyesuka migono ya kuvulia samaki, akaliinua, akaitazama mizizi yake. "Mtemi, huko lilikotoka, nani hulila?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mtemi akajibu. Wapambe wakacheka. Kucheka ndiyo kazi yao.

Ua likazaa. Likazaa, likazaa, likafunika maji kama mkeka. Huko chini gizani samaki wakakosa hewa, wakaelea matumbo juu. Mitumbwi ikakwama, watoto wakalala njaa.

Mtemi akaamuru mapanga. Fyeka! Fyeka! Kila kipande kikaelea, kikaota upya.

"Mnalikata au mnalipanda?" akauliza Bi Kalunde.

Wakaendelea kufyeka. Bibi akaingia majini peke yake, maana mgono wake ulikuwa umetoa samaki waliooza. Akang'oa na mizizi, akabeba hadi mwambani, akakausha, akachoma. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Wapambe wakamwita kichaa.

Ikafika siku Mtemi anakwenda harusini ng'ambo. Mtumbwi ukanasa katikati ya pambo lake. Akakaa humo, jua la utosi likimkaanga, ngoma za harusi akizisikia kwa mbali.

Bi Kalunde akamwendea, ng'oa, ng'oa.

"Bibi, nivute."

"Shuka ung'oe, baba. Mimi nimezeeka."

Akashuka na joho lake, tope kidevuni. Akang'oa.

Tangu hapo kila nyumba ikapewa kipande cha ufuo, ing'oe maua yake. Mwaka wa tatu maji yakaonekana, samaki wakarudi. Lakini mbegu zilibaki topeni. Mpaka Bi Kalunde anafariki, watu walikuwa bado wanang'oa kila mwaka. Naye Mtemi? Alitembea akijisifu kwamba yeye ndiye aliyeliokoa ziwa. Wapambe wakaitikia, "Ndiyo, Mtemi."

Wenzangu, upuuzi wa mkubwa hupandwa kwa siku moja, hung'olewa na wajukuu. Hadithi yangu naitua hapo.