Mbwa Aliyekaukwa na Sauti

Haya, sogeeni. Anayetaka kunikatiza anikatize sasa hivi, maana nikishaanza sipendi maswali. Hadithi hii ina Fisi ndani yake, na mimi nikimtaja Fisi hasira zinanipanda.

Mwaka ule mvua iligoma. Mito ikakauka, visima vikabaki na vyura wenye kinyongo, na katika nchi nzima ya wanyama likasalia bwawa moja tu chini ya kilima. Humo akaingia Nguruwe pori. Akalala katikati, akagaagaa, akayafanya maji yote kuwa tope, na kila aliyesogea kunywa akaonyeshwa yale meno yake yaliyopinda.

"Nina joto," alisema. Basi. Hakuwa na sababu nyingine.

Simba, ambaye ndiye mfalme, alikwenda kumtoa. Akarudi upesi mno. "Ningemtoa," aliwaambia raia zake, "lakini si heshima mfalme kuchafuka matope." Wakampigia makofi. Duma, mwenye mbio kuliko wote, naye akajaribu. Nguruwe alipomwona akatoka majini akakimbia, Duma akamfuata, vumbi likatimka, watazamaji wakashangilia. Kisha Duma akajitupa chini ya mti akihema, akaomba apepewe. Nguruwe aligeuka, akamtazama, akarudi bwawani taratibu kama mtu anayetoka dukani.

Likaitwa baraza. Karibu siku nzima ikaishia katika kupanga nani akae wapi. Jua lilipoinama, Simba akanguruma: "Yeyote atakayemsimamisha Nguruwe na kumzuia mpaka nifike mimi, yeye na ukoo wake watakunywa baada yangu tu, kabla ya wengine wote!"

Fisi alikuwa amekaa mbele. Kwenye kila baraza Fisi hukaa mbele, karibu na sufuria.

"Mtukufu, mimi nina pumzi," akasema. "Naweza kukimbia kutwa. Nimezaliwa nayo."

"Basi nenda."

"Nitakwenda, Mtukufu. Kwanza tule."

Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma kabisa. "Nitakwenda mimi."

Alikuwa Mbwa, jike mwembamba aliyetokeza mbavu, mama wa watoto wachanga. Zamani aliwahi kuishi kwa binadamu wawindaji, halafu akarudi porini, na wanyama hawakumsamehe ile harufu ya moshi. Bwawa alikatazwa tangu hata kabla ya ukame. Yeye na wanawe walikunywa maji ya kwenye mashimo ya mawe. Sasa mashimo yalikuwa yamekauka, na watoto wamelala kichakani, hata kulia wameacha. Mzazi yeyote anajua mtoto mwenye kiu akiacha kulia maana yake nini.

"Wewe?" Duma akacheka. "Una mbio gani wewe?"

"Sina mbio," Mbwa akajibu. "Mimi nafuata tu."

Baraza zima likaangua kicheko. Sungura peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu ya Mbwa.

Kulipopambazuka Mbwa akatokea bwawani. Nguruwe akatoka majini kwa dharau, akakimbia kidogo, akageuka. Mbwa yupo. Akakimbia tena mpaka kwenye miiba, akapenya katikati yake, akatokea upande wa pili, akageuka. Mbwa yupo, masikio yanavuja damu. Akapanda kilima, akashuka kilima. Jua likawa utosini.

"Hivi wewe huna kwenu?" Nguruwe akafoka.

"Ninako. Wewe tangulia tu."

"Unataka nini kwangu?"

"Uchoke."

Na hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa na wawindaji. Mbwa wa kuwinda nguruwe haui. Anafuata, anazunguka, anamnyima mwenzake nafasi ya kuvuta pumzi. Windo likisimama, anasimama mbele yake na kubweka pale pale bila kukoma, ili wenye mikuki wajue pa kukimbilia. Akinyamaza, windo linapumzika, na kazi yote inaanza upya.

Alasiri Nguruwe akaingia kwenye korongo kavu, akaegemea ukingo. Akashindwa kwenda. Mbwa akasimama mbele yake akaanza kubweka.

Wanyama walisikia, tena vizuri sana. Mnadhani walikimbia? Simba alitaka kwanza achanwe manyoya ya shingoni. Tumbili, mshereheshaji, akasema ngoma zimelegea ngozi, hazitalia mpaka zipashwe moto, basi zikatafutwa kuni. Twiga akaenda kubadilisha, sijui abadilishe nini. Muda wote huo Mbwa alibweka, akabweka, mpaka sauti ikaanza kupasuka, ikawa mkwaruzo, halafu ikakauka kabisa. Akabaki kufungua mdomo na kuufunga, lakini hakumpa Nguruwe nafasi.

Fisi yeye alikuwa amelala kivulini jirani na korongo tangu asubuhi. Aliposikia ngoma za msafara zinakaribia akaamka haraka, akajigaragaza vumbini, akajichomeka miiba miwili mitatu mahali pasipouma, akatoa ulimi nje. Simba alipofika alimkuta amesimama kando ya Nguruwe, anahema kama ameponea chupuchupu.

"Nimemkimbiza kutwa, Mtukufu," Fisi akasema. "Huyu mnuka moshi alikuwa nyuma yangu, anapiga makelele tu."

Mbwa akafungua mdomo akatae. Ukatoka upepo mtupu.

"Mbona hajibu?" Simba akauliza.

"Aibu hiyo, Mtukufu."

Laiti mngeyaona macho ya yule mama! Wanawe walikuwa wanamsubiri, na maji yao ndiyo hayo yanaibwa mbele yake. Akajisukuma kwenda kumkabili Nguruwe tena, Simba akakunja uso. "Mwondoeni huyo, ananiharibia shughuli."

Sungura akajitolea kumwondoa. Alipomfikisha nyuma ya jiwe akamnong'oneza, "Lala, mama."

Mbwa akatikisa kichwa, akaonyesha kule kwa Nguruwe.

"Najua, atapumzika. Na wewe pumzika. Niachie mimi hao wapenda hotuba."

Sungura akarudi mbele, akainama kwa adabu zote. "Mtukufu, jambo kubwa namna hii tukiliharakisha tutachekwa. Wazee hawajasema neno."

"Kweli," akasema Simba, ambaye alijua kila mzee ataanza kwa kumsifu yeye.

Nyumbu akasema. Twiga akasema, nusu ya maneno yakapotelea juu. Kobe akaitwa, na kule kutembea tu mpaka afike mbele kulitosha kupika chakula kikaiva. Alipofika akasalimia ukoo mmoja mmoja. Fisi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Nyuma yake Nguruwe akaacha kuhema. Baadaye akafumbua macho. Baadaye akang'oa majani, akawa anatafuna huku anasikiliza. Hakuna aliyemtazama isipokuwa Sungura.

Mwisho Fisi mwenyewe akapewa nafasi. "Vijana wengi huniuliza siri ya pumzi," akaanza. "Siri ni nidhamu. Mimi huamka mapema. Mimi sili hovyo." Hapo hata Kobe alikohoa.

"Mheshimiwa," Sungura akasema, "imebaki mila. Aliyemsimamisha Nguruwe humshika sikio mbele ya mfalme, ndipo ukoo wake utajwe."

Fisi hakusita. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye paja la Nguruwe, anawaza atakavyolila. Akaenda kwa maringo, akakamata sikio, akageuza uso kwa watu aonekane vizuri.

Nguruwe akamaliza kutafuna. Kisha akainua kichwa mara moja tu.

Fisi alipaa, nawaambieni, alipaa! Alipotua alitua kwa makalio yaliyochanwa, analia kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia barazani. Duma alikimbia mbio zake zile zile za ajabu, safari hii za kuelekea nyumbani. Tumbili akajificha nyuma ya ngoma. Simba akajikuta juu ya kichuguu, akaeleza kwamba amepanda ili aone hali kwa ujumla. Nguruwe akatoka korongoni na kushika njia ya bwawani.

"Fisi!" Simba akanguruma kutoka kichuguuni. "Mfuate! Si una pumzi ya kutwa?"

"Ninayo, Mtukufu, ila leo..."

"Ulisema umezaliwa nayo!"

"Nimezaliwa nayo, Mtukufu. Nimeiacha nyumbani."

Hata waliokuwa wamejificha walitoa vichwa kumwangalia. Halafu Mbwa akatoka nyuma ya jiwe, amepumzika, na sauti imerudi kidogo, ya kukwaruza.

"Huyo anayesema nilikuwa nyuma yake, mmemwona mbio zake," akasema. "Sasa nakwenda. Nikibweka, mje mnakimbia. Anayetaka kuchana nywele azichanie njiani."

Akaondoka. Hakwenda kwa kasi, maana kasi hakuwa nayo. Nguruwe alikuwa anakaribia bwawa aliposikia miguu nyuma yake, ile ile, haiongezi wala haipunguzi.

"Ni wewe?" akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi."

Nguruwe akasimama. Hakuwa amechoka kivile, nadhani, lakini aliikumbuka ile asubuhi, miiba, kilima na jua. Akakaa kitako. "Simba simwogopi," akasema. "Duma nilimlaza chini ya mti. Lakini wewe, mama, hata kukufikiria kunachosha."

Mbwa akabweka. Safari hii walikuja wanakimbia, na Simba mbele yao, manyoya yamejaa miiba mpaka hatamaniki. Nguruwe hakusubiri hotuba. Aliomba aonyeshwe njia ya ng'ambo ya kilima, akaahidi harudi, mradi tu huyu asimfuate.

Kwa kuwa bwawa halikuvurugwa kutwa nzima, tope lilikuwa limetulia na maji yanaonekana. Simba akasogea anywe kwanza, kama alivyotangaza. Akamkuta Mbwa amekwishafika, watoto amewabeba kwa ukosi mmoja mmoja, amewapanga ukingoni.

"Baada yangu," Simba akamkumbusha.

"Mtukufu," Mbwa akasema, "mlinisubirisha pale korongoni mpaka nikakaukwa na sauti. Subirini kidogo na nyinyi."

Tumbili akaanza kukohoa atangaze itifaki, Sungura akamkanyaga mguu. Simba akatazama huku na huku, akaketi, akaanza kujitoa miiba. Watoto wakanywa. Yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameacha kulia, akanywa, akapaliwa, akapiga chafya, kisha akalia kwa sauti ya juu akitaka tena.

Mbwa aliposikia kile kilio akajilaza chini, hakuinuka mpaka kesho yake.

Fisi alikunywa wa mwisho, amesimama kwa sababu kukaa hakuwezi, na bado alikuwa anamweleza Kobe siri ya pumzi. Mimi nimemaliza. Siku ukimsikia mtu anakuita na kazi ameishikilia peke yake, kimbia uende. Ngoma utazipasha moto baadaye.