Kijaluba Kilichobishiwa Hodi

Sogeeni karibu, na mwenye simulizi lake la barazani alimeze kwanza, maana hekaya hii haipendi kukatizwa.

Palikuwa na mji uitwao Mahrubati, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Kahtani bin Nadhari, naye alikuwa mfalme wa haki, ila macho yake yalipenda kila king'aacho, na raia nao wakatazama alikotazama yeye. Na katika mji huo alikaa tajiri mmoja jina lake Mirsali, mtu wa maneno matamu na kilemba kikubwa, aliyejua elimu ya kuwafunga majini wa upepo. Akawatia majini hao ndani ya vijaluba vya shaba, visanduku vya kushika kiganjani kama vile vya kuwekea tambuu, na mtu akifunua kifuniko akasema neno, jini hulichukua neno lile na kulifikisha kwa jamaa yake aliye mbali safari ya mwezi mzima, na jibu likarudi kabla msemaji hajameza mate.

Ajabu hiyo ilikuwa njema, na laiti ingeishia hapo. Lakini kila Siku ya Mwaka ilipofika Mirsali alitoa kijaluba kipya, leo cha fedha, kesho cha marjani, na safari moja akaleta kilekile cha fedha ila kifuniko kinafungukia kushoto, na watu, nawaapia, walikanyagana mlangoni kwake kwa ajili ya kufungulia kushoto! Na kila kipya kilipotoka, vya zamani viliingiwa na uvivu. Ukimsalimia mtu asubuhi, salamu humfikia adhuhuri, na ukimwambia mkeo ateleke wali, maneno yako humkuta ameshakula, ameshaosha vyombo na amejilaza. Basi watu wakamuuzia Mirsali ng'ombe, wakauza vitanda, wakauza hata milango ya nakshi, wakawa wanaziba nyumba zao kwa mikeka na huku viganjani wameshika marjani.

Na hapo mjini alikuwapo binti mmoja, jina lake Mwanakheri, mshona kofia, aliyekaa na babake Mzee Shatri katika nyumba ya mawe yenye kisima uani. Nyumba ile aliijenga marehemu mamake kwa jasho lake, na katika kisima kile nusu ya mtaa walichota maji, na Mwanakheri hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda kama nyumba hiyo. Mama yule alikuwa mkali wa adabu, na alimlea bintiye asiingie popote bila kubisha hodi, hata banda la mbuzi. Watoto wenziwe walimcheka sana kwa habari ya mbuzi.

Siku moja, alasiri, Mzee Shatri akarudi kutoka barazani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufanya jambo na sasa anatafuta namna ya kulisema.

"Mwanangu," akasema, "Mirsali ametoa kijaluba cha yakuti."

"Nimesikia, baba. Mpiga mbiu amepita hapa mpaka mbuzi wamekijua."

"Basi nimekichukua. Kesho asubuhi anakileta mwenyewe, na sisi tunampa nyumba."

Mwanakheri akaweka sindano chini. "Nyumba ipi?"

"Hii. Kwani tuna nyingine?"

"Na hicho kijaluba, baba, tutakiweka wapi, na nyumba hatuna?"

"Tutapanga chumba."

"Tupange, na yakuti mkononi!"

Mzee Shatri akakaa kitako juu ya ngazi, na machozi yakamlengalenga, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Hujui, Mwanakheri. Barazani kila mtu huweka chake juu ya jiwe, kinang'aa, na mimi hiki changu cha shaba nakikalia, nisionekane. Wenzangu wananiita Mzee Salamu za Jana. Nimechoka kukalia aibu yangu."

Mwanakheri akamwonea huruma, na papo hapo akakasirika, maana huruma haikutosha kuzima hasira yake. "Baba yangu, nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai," akasema, "lakini nyumba ya mama haitoki. Aje Mirsali, aje na jeshi. Haitoki."

Babake alipoondoka kwenda msikitini, Mwanakheri alikichukua kile kijaluba chake cha shaba akakiweka juu ya ukingo wa kisima, akakitazama kwa chuki, na kidole chake kilikuwa tayari kukifunua na kukitukana. Kisha mkono ukasita. Likamjia wazo ambalo halikumjia mtu yeyote katika Mahrubati yote, nalo ni hili: humu ndani mna mtu anakaa. Ni nyumba ya mtu hii! Na miaka yote sisi tunaifungua kama majambazi na kuanza kuamrisha. Akaona haya, kama kwamba mamake alikuwa amesimama nyuma yake na kumtazama.

Akagonga kifuniko kwa ukucha, akasema, "Hodi!"

Kimya. Akabisha tena, na tena kimya. Basi akavuta ushungi wake, akabisha mara ya mwisho, kama afanyavyo mwenye adabu kabla hajaenda zake.

"Karibu," ikasema sauti, na sauti hiyo ilikuwa inalia.

Na kifuniko kikafunguka chenyewe, ukatoka moshi wa harufu ya udi, na moshi ukawa jini mwenye ndevu za samawati, akainama mbele ya binti mpaka paji lake likagusa mawe ya kisima.

"Ewe mgeni wangu," akasema, "mimi ni Zabarhuti, na tangu niingizwe humu nimebeba salamu za kila mja, wala hapana aliyenisalimia mimi. Leo nina mgeni, na sina kahawa wala tende za kumkirimu. Nitakukirimu ukweli, kama utaupokea."

"Naupokea, mwenye nyumba."

"Basi jua kwamba nguvu zangu hazijapungua hata chembe. Naweza kufikisha neno lako mpaka Mlima Kafu, ukingoni mwa dunia, kabla hujafumba midomo. Ila kila inapokaribia Siku ya Mwaka, Mirsali hutusomea azima yake, akatuamuru tuburure miguu, na kiapo chake kinatuzuia tusimwambie jambo hili bwana yeyote atakayetumiliki. Lakini wewe hukuja kama bwana. Umebisha hodi, nami nimeitika, na aliyeitika hodi ni mwenye nyumba, si mtumwa. Kiapo kimenitoka."

"Na yule wa ndani ya yakuti?"

"Ni ndugu yangu, pumzi moja na mimi. Mwakani naye ataamrishwa aburure miguu."

Mwanakheri akacheka kwa uchungu, akafikiria ng'ombe, akafikiria vitanda na milango yote ile ya nakshi. Kisha akamuuliza Zabarhuti kama sasa ataruka aende zake. Jini akatazama kisima, akatazama kile kijaluba, akasema kwamba nyumba yenye kubishiwa hodi si ya kuhamwa ovyo.

Asubuhi Mirsali akaja na watumishi wake na kijaluba cha yakuti juu ya mto wa hariri, na akaingia moja kwa moja hadi uani kama mtu aingiaye kwake. Mwanakheri akamkabili na sinia la kofia mkononi.

"Toka nje," akasema, "kisha ubishe hodi, nami nitafikiri."

"Binti, nyumba hii ni yangu, na babako ametoa neno."

"Baba ametoa neno juu ya kitu asichokijua, na wewe uliyekijua ukamficha. Twende kwa Sultani."

Wakaenda, na mji mzima ukawafuata, na Mzee Shatri nyuma, shaba yake kiganjani, akijifuta jasho. Mirsali akapiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akasema, "Ewe Maulana, Mungu akuzidishie umri na ufalme! Binti huyu anashikilia shaba chakavu, na kwa shaba yake anaudharau utukufu wa kijaluba ambacho wewe mwenyewe umekishika. Mwenye kudharau yakuti ya mfalme, amemdharau nani?" Na wakuu wote wakanung'unika kumuunga mkono, na mwana wa Sultani, Dhahabi, aliyesimama nyuma ya kiti, akaikodolea macho ile shaba, akatabasamu.

Sultani akasema, "Jibu, binti, na chunga ulimi wako."

"Maulana, ulimi wangu nimeuchunga vya kutosha," akasema Mwanakheri. "Naomba jambo moja tu. Bisha hodi kwenye kijaluba chako."

Baraza likapasuka kwa kicheko, kisha kila mtu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mimi?" akasema Sultani Kahtani. "Mimi nibishe hodi? Kwa sanduku?"

"Kama ndani hamna kitu, hutapungukiwa na lolote, na mimi utanikata kichwa na nyumba aichukue Mirsali. Na kama mna mtu, basi umekuwa ukimwingilia nyumbani kwake, na mamangu angekuambia hivyohivyo."

Mirsali akapiga kelele kwamba jambo hilo ni fedheha, kwamba mfalme hagongi, hugongewa. Na kelele zake ndizo zilizomponza, maana Sultani alikuwa mpenda vitu lakini si mjinga, na akaona jasho juu ya mdomo wa tajiri. Akakiweka kijaluba pajani, akakohoa, akagonga kwa pete yake, na mfalme wa Mahrubati akasema kwa sauti ndogo, "Hodi!"

Alibisha mpaka mara ya tatu, masikio yakimwiva kwa haya, na ndipo jini wa yakuti alipoitika, akatoka akilia, akasema neno kwa neno yale aliyoyasema nduguye penye kisima.

Kisha mtu mmoja huko nyuma akatoa kijaluba chake cha marjani, akagonga, na mwingine akatoa chake, na baraza zima likajaa hodi, hodi, na karibu, karibu, mpaka hewa ikawa samawati kwa ndevu za majini. Na Mzee Shatri akasimama katikati ya watu wote, akainua shaba yake juu ya kichwa chake, akasema, "Mimi ndiye Mzee Salamu za Jana! Nani ana la kusema?"

Sultani hakumkata Mirsali kichwa. Alimhukumu avirudishe vyote alivyovichukua, ng'ombe na vitanda na milango, kwa miguu yake, na kila nyumba abishe hodi na angoje nje mpaka aitikiwe, na mwenye nyumba akipenda asimwitikie siku hiyo. Wengi hawakupenda.

Kisha akamwambia Mwanakheri, "Chagua. Kasri la Mirsali, au mwanangu, au vyote viwili."

"Kasri silitaki, Maulana, nyumba ninayo," akasema. "Na mwanao anapajua pa kubisha."

Akarudi kwake, akafungua duka la kunyoosha bawaba na kusugua shaba, na watu wakamletea vijaluba vyao vya zamani, wakaona kwamba kilichotengenezwa kwa robo ya bei kinasema sawasawa na cha yakuti, na mali zikabaki majumbani mwao, na zake zikaongezeka mpaka akachimbia mtaa kisima cha pili. Na Siku ya Mwaka iliyofuata, mpiga mbiu mgeni akapita akinadi kioo kionyeshacho sura za walio mbali, na Mzee Shatri akainuka ghafla, akamtazama bintiye, akakaa tena. "Nilikuwa nanyoosha miguu tu," akasema.

Ndipo mlangoni pakasikika sauti ya kijana, "Hodi!" Mzee akakimbilia komeo, kwa kuwa aliitambua sauti ya Dhahabi mwana wa Sultani. Mwanakheri akamshika mkono.

"Mwache, baba," akasema. "Abishe mpaka mara ya tatu."

Naye akabisha mara ya tatu, kwa upole, mfalme mtarajiwa amesimama juani na viatu mkononi, na Mwanakheri akaenda mwenyewe, akafungua, akasema, "Karibu."

Wakaoana katika nyumba ileile, na harusini vijaluba vya shaba vilipangwa juu ya jiwe la baraza, wala hapana aliyekikalia chake. Basi wewe uliyesikiliza, kabla hujauza nyumba kwa ajili ya kifuniko kinachofungukia kushoto, kigonge kwanza kile cha zamani, uulize nani amekiambia kichoke. Mimi yangu nimeyatua, na mlango uko wazi kwa mwenye kubisha.