Nusu ya Chini ya Gazeti

Kila asubuhi mimi, mwenye ghorofa nzima, nilisoma vichwa vya habari bure kwenye meza ya Siwema, muuza magazeti wa kibarazani kwangu. Siku moja nikamwamuru aondoke, nipate maegesho ya gari.

"Sawa, bosi," alisema, huku akipanga magazeti yaliyokunjwa. La juu liliandikwa: WANAOFUKUZA WAMACHINGA KUFUNGWA JELA.

Niliishia hapo, kama kawaida yangu. Jasho likanitoka.

"Nani kasema uondoke?" nikatangaza mbele ya wanywa kahawa waliokaa pale kibarazani. "Kaa hapa mpaka uzeeke."

"Jamani, mmesikia," alisema Siwema, akalikunjua gazeti. Chini, kwa herufi ndogo: "Ndivyo alivyoota mganga."

Nikafoka kwamba kanidanganya.

"Ungekuwa unanunua, bosi," alisema, "ungelikunjua mwenyewe."