Bendi Iliyovunjika Bila Mtu Kujua Kwa Nini

Paukwa! Pakawa! Wa mbele na wa nyuma, wakubwa na wadogo, mko nami? Basi tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, katika kisiwa cha baridi na ukungu, waliishi marafiki watatu. Kunguru aliimba. Fisi-Maji, yule mvuvi wa mtoni, alipiga gita, ting-ting-ting. Kalunguyeye, yule mwenye miiba mgongoni, alipiga ngoma, ndi-ndi-ndi.

Walianza kwa kutafuta joto tu, ndani ya ghala bovu la nyasi. Sungura wakasikia, wakaja. Kondoo wakasikia, wakaja. Kufumba na kufumbua, kisiwa kizima kinaimba nyimbo zao. Wao wenyewe hawakuelewa wamependewa nini. Walicheka, wakapiga.

Siku moja wakaitwa kwenye uwanja mkubwa. Wanyama walijaa kama siafu. Ndi-ndi! Ting-ting! Katikati ya wimbo, Kunguru akanyamaza. Ukungu ulikuwa umemkaba koo.

Fisi-Maji alikuwa ametoka kukosea waya mmoja. Akadhani Kunguru amenyamaza ili amwaibishe. Akaweka gita chini, akaondoka. Kalunguyeye akaona mmoja kimya, mwingine anakwenda. Akadhani ngoma yake imewachosha. Akajiviringa kama mpira, kama afanyavyo akiogopa. Kunguru kugeuka, Fisi-Maji hayupo, Kalunguyeye ni mpira wa miiba. Akadhani wamemsusa. Akaruka zake, pa-pa-pa.

Watazamaji wakaulizana kumetokea nini. Wakaulizana mpaka wakachoka, wakarudi makwao.

Kila mmoja akakaa kwake, akingoja wenzake waje kumwomba radhi. Baridi ikaja, ikaenda, ikaja tena. Ndipo Fisi-Maji akakutana na Kunguru mtoni.

"Mwenzangu, ulinyamaza ili uniaibishe?" akauliza Fisi-Maji.

"Mimi? Ukungu ulinikaba! Si ninyi mlioniacha?"

Wakatazamana. Wakaenda pamoja kwa Kalunguyeye, wakamuuliza kwa nini alijiviringa.

"Nilidhani mmenichoka," akasema.

Wakajaribu ule wimbo. Kunguru akaanzia pake, Fisi-Maji pake, ngoma ikapotea njia. Wakarudia, wakapotezana tena. Kalunguyeye akateleka uji. Wakanywa pamoja, wasijue wacheke au walie.

Jamani, mwenzako akinyamaza, muulize. Usijijibu wewe kwa niaba yake, maana urafiki ukirudi, si kila kitu hurudi nao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeielewa amweleze jirani yake.