Taka za Sultani Sururu Zafika Mtoni

Palikuwa na Sultani mmoja akiitwa Sururu, jina la chombo cha kuchimbia, na mkono wake haukuwahi kuchimba hata shimo la kupandia mchicha. Alikuwa na tumbo, alikuwa na roshani ya kulipumzishia tumbo hilo, na kidoleni alivaa pete ya muhuri. Akili? Jamaa zangu, msiniulize mambo magumu mapema hivi.

Asubuhi moja alichungulia nje akaona mashimo. Nyuma ya kila nyumba, shimo. Watu wa mji ule walikuwa na utaratibu wao: maganda ya muhogo walipewa mbuzi, majivu yalikwenda bustanini, na utumbo wa samaki ulifukiwa shimoni, kando ya mgomba. Aliyewafundisha alikuwa Bi Mize, dobi, mjane mwenye ulimi mkali kuliko magadi. Hata maji yake ya povu hakuyamwaga mtoni. Aliyabeba kwa ndoo mpaka kwenye migomba. Ndiyo maana mto wao ulikuwa safi, perege wakionekana mpaka chini, na ndege mdiria akichimba kiota chake ukingoni bila kumwogopa mtu.

"Mji wangu umeliwa na fuko!" Sultani akafoka. "Wageni wangu watasema nini?"

Siku ile ile mpiga mbiu akazunguka mjini na karatasi yenye muhuri. Amri ilikuwa fupi, maana mwenyewe alichoka upesi: "Mashimo yote yafukiwe. Kila taka ya mji huu, mahali pake ni mtoni. Asiulize mtu swali. Atakayechimba au kuuliza, atafukuzwa mjini." Kisha ikabandikwa kwenye mlango wa jumba.

Yeye mwenyewe alikunywa maji ya mvua, kutoka birika lililokuwa ndani ya ua wake. Mto aliuona kwa mbali tu, kutoka roshani, na haukumhusu.

Hazikupita wiki tatu, maji yakawa na rangi ya mchuzi wa juzi. Perege wakaelea matumbo juu. Mdiria akahama. Kisha watoto wakaanza kuharisha, na wajukuu wawili wa Bi Mize walikuwa miongoni mwao. Bibi wa watu alichemsha maji mchana kutwa mpaka kuni zikamwishia. Alitamani kwenda kumwuliza yule mtu wa roshani ana wazimu gani. Lakini kuuliza ni kufukuzwa, na mji ule ndipo alipozikwa mumewe.

Basi akaenda mlangoni pa jumba, akaisoma tena ile amri, neno baada ya neno. Akacheka peke yake mpaka askari wa mlangoni wakamdhania mgonjwa.

Sasa, Bi Mize ndiye aliyefua mashuka ya jumbani. Ndiye pia aliyejaza sufi mito ya Sultani. Jumamosi akapeleka mito minne, imeshonwa vizuri, foronya nyeupe pe, imefukizwa udi kwa juu.

Adhuhuri, baada ya sahani tatu za pilau, Sultani akajitupa kitandani. Akanusa. Akamfukuza paka. Akalala tena. Akanusa. Akamfukuza mtumishi anayemkanda miguu. Akalala, akanusa, akaupiga mto ngumi. Mshono ukaachia, na kichwa cha samaki kikachomoza kikamkodolea macho.

Bi Mize akaletwa mbio, katikati ya askari wawili. Waziri alikuwa amesimama kando, leso puani.

"Mize!"

"Labeka, Maulana."

"Umetia nini humu?"

"Taka, Maulana. Vichwa vya samaki, maganda ya ndizi, na ukoko kidogo wa jana."

"Kitanda changu umekiona jalala?"

"Sikuona kitu. Nimetii amri. Imebandikwa mlangoni: kila taka, mahali pake ni mtoni. Na hicho ulichoshika ni nini, Maulana?"

"Mto!"

"Basi zimefika."

Waziri akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Mto wa maji, mpumbavu wewe! Si mto wa kichwa!"

"Haikuandikwa mto upi."

"Ungeuliza!"

"Nifukuzwe mjini? Amri imesema asiulize mtu."

"Kila mwenye akili alielewa!"

"Mimi nilikuheshimu, Maulana. Nilisema moyoni, bwana mkubwa kama huyu hawezi kuamuru uchafu umwagwe kwenye maji ya watu. Hapana. Lazima alikusudia mto wake mwenyewe."

Waziri sasa alikuwa anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Sultani akautikisa ule mto, na maganda yakamwagikia kanzu.

"Huu naulalia! Unasikia? Mdomo wangu unagusa hapa, hapa kabisa!"

"Na ule tunaunywa."

Lakini Sultani hakusikia. Mkubwa akipandwa na hasira, masikio ndiyo hufungwa kwanza. Alisimama juu ya kitanda, samaki miguuni, akamnyooshea Bi Mize kidole mpaka pete ikameremeta.

"Mwendawazimu gani huyo, anayetia uchafu mahali watu wanapotia midomo? Nitajie jina lake! Naapa, namfukuza mjini leo hii, awe nani, awe mtoto wa nani!"

Bi Mize akakitazama kile kidole, akakitazama vizuri.

"Kuuliza jina lake nimekatazwa, Maulana. Lakini muhuri wake ndio huo, kidoleni mwako."