Petroli ya Kumpeleka Laurette Yanonge

Katika mtaa wa wavuvi kando ya maporomoko ya Kisangani, juma lile hapakuwa na habari nyingine ila harusi ya Laurette. Alikuwa binti pekee wa Papa Hubert, mvuvi hodari wa kabila la Kigenia, na Mama Delphine, mkaushaji wa samaki ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kama mikono yake. Mchumba wake, Eddy, alikuwa muuguzi huko Yanonge, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi wa injini ukiteremka na mto. Ndoa ingefungwa huko huko siku ya Jumamosi, kwa sababu baba yake Eddy alikuwa amepooza miguu na hakuweza kusafiri, naye padri alikuwa akiondoka Jumapili kuzungukia vijiji vya msituni. Mtumbwi mkubwa wa Papa Hubert ulikwisha kuzibwa nyufa, na injini ya kuazima ilikuwa imefungwa nyuma yake. Lililobaki lilikuwa petroli tu.

Jumatano asubuhi, Mama Delphine alimwendea Bavon, mmoja wa wale wauzaji wa petroli za chupa kando ya barabara ambao watu wa mjini huwaita kadhafi.

"Papa Bavon, uniwekee bidoni mbili za petroli. Nitazichukua Ijumaa alfajiri."

"Mama, usijisumbue," Bavon alijibu huku akipangusa faneli yake. "Esanse iko mingi. Hata Ijumaa utanikuta nayo."

Mama Delphine alimfahamu Bavon: ahadi zake ziliyeyuka kama chumvi mvuani. Akaona amtie hofu kidogo.

"Na mvua hii? Njia ya Bafwasende ikiharibika, malori ya esanse yatapita wapi? Utanikumbuka!"

Mvua aliyoitaja ni ile iliyopiga bati la nyumba yake. Kuhusu Bafwasende hakujua lolote. Lakini hatua chache kutoka hapo alikaa shoga yake, Mama Bibiche, akifunga kwa kamba kwanga zake, ile mikate ya muhogo. Mikono ilikuwa kazini, masikio yalikuwa kwa Bavon.

Maneno yale yakapata miguu. Mama Bibiche alimwambia mteja wake kwamba njia ya Bafwasende imeharibika. Mteja akamwambia mwenye pikipiki kwamba malori yamekwama. Mwenye pikipiki akafika bandarini na kusema yamezama matopeni hadi kwenye vioo. Kila mdomo ulitia chumvi yake, hata jua lilipokuwa utosini malori yalikuwa yamepinduka, petroli imemwagika yote, na ndege za uwanja wa Bangboka hazitaruka tena.

Papa Hubert alirudi kutoka majini akihema.

"Mama Laurette, umesikia? Malori ya esanse yamepinduka kule Bafwasende!"

Mama Delphine akashika kiuno. "Si nilisema! Asubuhi nilimwambia Bavon, akanicheka!"

Aliupokea uvumi ule kwa fahari, kama mtu anayemsifu mtoto mzuri njiani asijue kwamba ndiye aliyemzaa.

Hata hivyo, jioni ile mji ulikuwa bado umetulia. Wengi walikuwa wamesikia, lakini mwenye kazi hakimbizani na maneno. Ndipo redio iliponguruma. Waziri mmoja wa jimbo alikohoa, akasema kwa sauti nzito kwamba hakuna uhaba wowote wa mafuta, kwamba akiba ni ya kutosha, na kwamba raia wanaombwa wawe watulivu.

Papa Hubert aliweka chini tonge lake la lituma, ndizi za kupondwa.

"Amesema tutulie?"

"Amesema."

"Bon. Basi mambo iko mubaya kabisa."

Hakuwa amekosea sana kufikiri hivyo. Waziri huyo huyo ndiye aliyeuahidi mtaa wao bomba la maji. Alikuja kulizindua kwa tarumbeta na ngoma, akapigwa picha akinawa mikono, na tangu siku ile bomba halijatema hata mate. "Yule akiniambia mto unatelemka," Papa Hubert alipenda kusema, "nitashuka kwanza kuangalia."

Kumbe nyumba zote za Kisangani zilifikiri kama yeye. Alhamisi asubuhi watu walimiminika kwenye kituo cha mafuta kama siafu waliochokozwa. Walikuja na bidoni, ndoo, birika, na hata chupa za maji ya baraka. Mama Delphine alisimama katikati ya msululu, kitenge kikiwa kimekazwa kiunoni. Mbele yake alikuwapo mzee mmoja aliyekumbatia bidoni ya manjano.

"Papa, una pikipiki?" alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Una mtumbwi wa injini?"

"Sina."

"Sasa petroli ni ya nini?"

Mzee akafikiri. "Wote wanachukua. Nitabaki mimi peke yangu bila?"

Watu wakacheka, na mwenye hindi la kuchoma akalimega akawapa majirani zake. Walisukumana na kuombana radhi, wakashikiana nafasi, wakabebeana watoto. Ungedhani ni sikukuu, lau nyuso zisingekuwa zikigeuka kila mara kutazama kama pampu bado inatoa.

Punde waziri mwenyewe akatokea, suti imenyooka, jasho linamtiririka. Alipanda juu ya ngazi ya ofisi ya kituo. "Wapendwa raia! Mafuta yapo! Rudini nyumbani!"

"Papa ministri," Mama Delphine alipaza sauti, "gari lako limejaa?"

"Limejaa, mama. Ndiyo maana nasema mafuta yapo."

"Lilijazwa lini?"

Waziri akapangusa jasho. Dereva wake, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu kutoka dirishani: "Leo alfajiri, mama. Na mapipa ya nyumbani pia."

Kicheko kilichozuka hapo kilitikisa mabati. Baada ya kicheko, msululu ukavunjika na watu wakaivamia pampu. Maskini waziri alisema kweli siku ile, lakini kweli yake ilifika ikiwa imechelewa, kama mgeni ajaye baada ya vyombo kuoshwa. Kabla ya saa sita pampu ilikoroma, ikatema hewa, ikanyamaza.

"Imekwisha," alisema mhudumu, akijifuta uso. "Ilikuwa itufikishe hadi malori ya Jumatatu. Mmeimaliza asubuhi moja!"

Mama Delphine akamkimbilia Bavon. Chupa zote zilikuwa tupu.

"Bidoni zangu ziko wapi?"

Bavon akatazama chini. "Nisamehe, mama. Nilizizuia hadi jana usiku, redio iliposema. Watu walinizunguka, wakaniuliza kama habari ya Bafwasende ni ya kweli. Nikawaambia ni ya kweli, Mama Delphine mwenyewe aliniambia."

"Mimi?"

"Wewe. Jana asubuhi, hapo hapo uliposimama."

Mama Delphine aligeuka polepole. Mama Bibiche alikuwa amejificha uso nyuma ya rundo la kwanga. Ule uvumi uliouzunguka mji mzima ulikuwa umerudi kwa mama yake, naye sasa alimtambua mwanawe vizuri sana.

Nyumbani alishindwa kula. Alipomweleza mumewe, Papa Hubert alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaona machozi ya mkewe, kicheko kikamkauka.

"Nimeiharibu harusi ya mtoto wangu kwa mdomo wangu," Mama Delphine alilia. "Watu wa Yanonge watasema tumembadilishia Eddy neno."

Laurette alichuchumaa mbele yake na kumshika magoti. "Mama, nyamaza. Papa, ulipomwoa mama, ulimwendea kwa injini?"

"Injini ya wapi?" Papa Hubert alijibu. "Nilimwendea kwa kasia, tena dhidi ya maji."

"Basi mimi nateremka na maji. Nitafika."

Papa Hubert akapiga moyo konde. Aliifungua injini na kuiacha ukingoni, akaita ndugu zake, wanaume waliozoea kusimama juu ya mtumbwi katikati ya mawimbi ya maporomoko. Ijumaa, kulipopambazuka, walikuwa majini. Mtumbwi ulipokuwa ukiachana na ukingo, Mama Bibiche alishuka mbio na kikapu cha kwanga kichwani.

"Mnisubiri! Nilisaidia kuliharibu jambo hili, nitasaidia kupiga kasia!"

Mama Delphine akamsogezea nafasi. Siku nzima waliimba nyimbo za kanisani na za uvuvi. Mikono ikaota malengelenge, migongo ikauma, lakini hakuna aliyelalamika, na kila Laurette alipochukua kasia baba zake wadogo walimnyang'anya wakisema bibi harusi haendi kwa mumewe na viganja vya mvuvi.

Jua lilipokuwa likizama, Yanonge ikaonekana. Eddy alikuwa majini hadi kiunoni, suruali na vyote. Nyuma yake baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti kilichobebwa na vijana hadi ukingoni. Eddy alimshusha Laurette, akamshikilia kama mtu anayehofia maji yatamrudisha. Jumamosi wakafunga ndoa, na Mama Delphine alicheza hadi viatu vikamtoka.

Walirejea Kisangani Jumatatu kwa boti ya abiria. Mbele ya kituo cha mafuta malori yalikuwa yamepanga mstari, yakishusha petroli. Madereva walikuwa wamejaa vumbi jekundu toka nywele hadi kope. Papa Hubert alimsogelea mmoja wao.

"Poleni, papa. Matope ya Bafwasende yaliwatesa sana?"

Dereva alimshangaa. "Matope gani? Tumekula vumbi njia nzima!"

Papa Hubert akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Mama Bibiche. Mama Bibiche akajitwika kikapu chake, akashika njia.

Mafuta yalikuwapo siku zote hizo, hadi pale mji ulipoamini kwamba hayapo, ukakataa kumwamini aliyesema yapo, ukayamaliza kwa mikono yake wenyewe. Ama kweli, lisemwalo lipo; na kama halipo, laja.